Kuchagua Chuma Chepesi Kukereza: Somo kwa Mnunuzi Mwenye Mashine Ndogo Nyumbani

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina ukweli shambani, ambako mwenye nia ya kulima hulima kwa jembe alilonalo. Katika karakana ya chuma haina nafasi. Mkereza asiyechagua chuma chake hupoteza visu, hupoteza siku nzima, na wakati mwingine humkabidhi mteja kifaa kitakachovunjika kikiwa kazini.

Siku hizi mashine ndogo za kukereza zimeingia majumbani. Mwalimu mstaafu wa ufundi ameiweka barazani. Kijana aliyehitimu mafunzo ya VETA ameinunua ikiwa imekwisha kutumika na kuifunga katika kibanda nyuma ya nyumba. Fundi wa baiskeli anaitumia kutengeneza bushi na pini. Wengi wao hununua chuma kwa kipande, katika maduka ya vyuma au kwa wauza vyuma chakavu, na swali wanalouliza ni moja tu: “Kilo shilingi ngapi?” Somo hili limeandikwa ili kuwaongezea maswali mengine. Tunaeleza ni vyuma gani hukatika kwa urahisi, kwa nini hukatika hivyo, ni wapi havifai kabisa, na mnunuzi afanye nini ili apate alicholipia.

Kwa neno “chuma” katika somo hili tunakusudia feleji, yaani chuma chenye kaboni kidogo ndani yake. Chuma cha kusubu, kama kile cha sufuria nzito au cha bloku ya injini, kina tabia zake, nasi tutakigusa kwa kupita tu.

1. Laini si lazima kiwe chepesi

Kosa la kwanza la mnunuzi mgeni ni kudhani kwamba chuma laini kuliko vyote ndicho kitakachokatika vizuri kuliko vyote. Anayefikiri hivyo na afikirie mkate. Mkate uliotoka tanuri sasa hivi ni laini sana, lakini kisu kikipita hunata, hubonyea na kuchanika. Mkate uliolala usiku mmoja hukatika vipande safi.

Chuma nacho ni hivyo hivyo. Chuma chenye kaboni kidogo sana hunata kwenye ncha ya kisu. Vipande vidogo vya chuma hujishindilia pale kwenye makali, vikawa kama kisu cha pili kisicho na umbo, kisha vikabanduka na kuacha uso wenye mikwaruzo na nyuzi zilizochanika. Maranda yake hutoka marefu kama utepe, yakajizungusha kwenye kazi, kwenye kisu na, Mungu apishe mbali, kwenye mkono wa fundi.

Kwa upande wa pili, chuma chenye kaboni nyingi au kilichopitishwa motoni kikazimwa ghafla huwa kigumu. Kisu hupiga kelele, hupata joto na kupoteza makali. Kwa hiyo fundi anatafuta hali ya katikati: chuma kinachokubali kisu na kuvunja maranda yake vipande vifupi.

Viwanda vya chuma vimepata njia ya kutengeneza chuma cha namna hiyo kwa makusudi. Huongeza salfa, ambayo katika chuma cha kawaida huhesabiwa kuwa uchafu. Salfa hiyo huungana na manganizi na kufanya chembechembe laini, ndogo mno, zilizotawanyika ndani ya chuma chote. Kisu kinapopita, maranda hukatikia penye chembe hizo, na kwa kiasi fulani chembe zenyewe hulainisha njia ya kisu. Baadhi ya vyuma huongezwa pia risasi, ambayo haiyeyukani na chuma bali hubaki kama matone madogo, nayo hupunguza msuguano zaidi. Vyuma hivi ndivyo tunavyoviita vyuma vyepesi kukereza.

2. Majina na namba

Chuma kizuri kina jina. Muuzaji akikuambia tu “hii ni shafti” au “hiki ni chuma cha Ulaya”, hajakuambia kitu. Katika maduka yetu utakutana na namna tatu za kutaja vyuma.

Namna ya kwanza ni ya Kimarekani, ya tarakimu nne. Katika vyuma vya kaboni, tarakimu mbili za mwisho hudokeza kiasi cha kaboni kwa sehemu za mia za asilimia. Hivyo 1018 ina kaboni ya karibu asilimia 0.18, na 1045 ina karibu asilimia 0.45. Vyuma vinavyoanza na 12, kama 1215, ni vile vilivyoongezewa salfa na fosforasi. Ukiona herufi L katikati, kama katika 12L14, ujue kuna risasi ndani.

Namna ya pili ni ya Kiingereza ya zamani, yenye herufi EN na namba fupi: EN1A, EN3, EN8, EN19, EN24. Namba hizi zilitolewa Uingereza mwaka 1941, wakati wa vita, nazo zimeendelea kutumika katika biashara hata baada ya kubadilishwa rasmi. EN1A ni chuma chepesi kukereza, nacho hupatikana chenye risasi au kisicho na risasi. EN3 ni chuma laini cha kawaida. EN8 kina kaboni ya karibu asilimia 0.4 na hutumika kwa shafti.

Namna ya tatu ni ya Ulaya ya leo. Humo chuma chepesi kukereza huandikwa 11SMn30, na chenye risasi huandikwa 11SMnPb30. Herufi Pb ndizo alama ya risasi.

Hapa pana mtego. Viwango vya sasa vya Ulaya navyo huanza na herufi EN, lakini hufuatwa na namba ndefu, kwa mfano EN 10025, ambacho ni kiwango cha vyuma vya ujenzi. Mtu anayeona herufi EN kwenye karatasi asidhani amepata kitu cha namna ya EN8 au EN1A. Asome namba yote.

3. Kulinganisha vyuma

Watengenezaji hulinganisha wepesi wa kukereza kwa kuchukua chuma 1212 kuwa 100. Chuma chenye namba kubwa zaidi ya hapo ni chepesi zaidi; chenye namba ndogo ni kizito zaidi. Namba hizi ni za makadirio, nazo hutofautiana kidogo kati ya kitabu na kitabu, lakini zinatosha kumwongoza mnunuzi.

12L14 (chenye salfa na risasi): takriban 160 au zaidi. Hukatika kama siagi, maranda ni mafupi, uso hung'aa.

1215 (chenye salfa, bila risasi): takriban 136. Kinakaribia kile cha kwanza, bila hofu ya risasi.

1018 kilichovutwa baridi (chuma laini cha kung'aa): takriban 78. Kinahitaji kisu chenye makali na mafuta, lakini hutoa kazi nzuri.

1045, kinachokaribiana na EN8: takriban 57. Kina nguvu zaidi, nacho hudai mwendo wa polepole zaidi.

304 (chuma kisichoshika kutu cha aina ya kawaida): takriban 45. Hunata, na kisu kikisita huwa kigumu palepale kilipoguswa. Hakimfai anayeanza.

Si kila duka la vyuma lina 12L14, 1215 au EN1A. Mkoani huenda ukaambiwa havipo. Jambo hilo lisikukatishe tamaa wala lisikufanye ukubali chochote. Chuma laini cha kung'aa, kilichovutwa baridi, kinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi za nyumbani.

4. Cheusi na cha kung'aa

Fito za chuma laini huja kwa sura mbili. Zile nyeusi zimepitishwa kwenye roli za kiwanda zikiwa za moto. Uso wake una magamba magumu yanayokwaruza na kula makali ya kisu, na kipenyo chake huenda kikazidi au kupungua kidogo. Zile za kung'aa zimevutwa kwenye tundu la kipimo zikiwa baridi. Kipenyo chake ni sahihi, uso ni safi, na hukatika vizuri kuliko ndugu zake weusi.

Bei ya fito za kung'aa ni kubwa zaidi. Je, inafaa kulipa? Kama kazi yako inahitaji kipenyo kilekile cha fito bila kukipunguza, jibu ni ndiyo, kwani utaokoa kazi ya saa nzima. Kama utapunguza uso wote kwa milimita kadhaa, fito nyeusi itakutosha, mradi mkato wa kwanza upite chini ya magamba. Mkato mwembamba juu ya magamba ndio unaoua visu.

Kuna jambo moja la kukumbuka kuhusu fito za kung'aa. Kule kuvutwa huacha mkazo ndani ya chuma. Ukichimba mfereji mrefu upande mmoja wa shafti, kama ule wa kabari ya puli, shafti iliyokuwa imenyooka yaweza kupinda kidogo. Chimba mfereji kwanza, kisha malizia vipimo vya mwisho.

Tena, si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Fito inayong'aa huenda ikawa imepakwa zinki, imepakwa kromu, au imesuguliwa tu kwa msasa ili ipendeze machoni. Hilo tunalirudia katika sehemu ya vipimo.

5. Mahali ambapo chuma chepesi hakifai

Sehemu hii tunamwomba msomaji aisome mara mbili, kwa kuwa hapa ndipo penye hatari.

Kile kinachofanya chuma kiwe chepesi kukereza ndicho kinachokidhoofisha. Zile chembe laini za salfa hujinyoosha kama nyuzi chuma kinapovutwa, nazo ni mahali pa kuanzia nyufa. Kwa kitufe, kishikio, bushi ya kutenganisha, pini ya mlango au kifaa cha kupimia, udhaifu huo hauna madhara. Kwa kifaa kinachobeba uhai wa mtu, una madhara makubwa.

Basi, usitumie 12L14, 1215 wala EN1A kutengeneza sehemu za usukani, breki au ekseli za chombo chochote cha usafiri. Ndoano na pini za kunyanyulia mizigo. Wala shafti inayopigwa na kupinda mfululizo. Hata hivyo, chuma sahihi peke yake hakitoshi kwa sehemu kama hizo: zinahitaji pia hesabu na matibabu ya moto ambayo karakana ya nyumbani kwa kawaida haina. Mteja akikuletea kazi ya namna hiyo, mwelekeze kwa aliye na uwezo nayo. Kukataa kazi ni sehemu ya ufundi.

Pili, usichomelee vyuma hivi. Salfa huyeyuka mapema na kukusanyika katikati ya kiungo kinapopoa, na kiungo hupasuka kikiwa bado cha moto. Ufa huo waweza kujificha chini ya rangi kwa miezi. Chenye risasi kina ubaya wa ziada: hutoa moshi wenye sumu.

Tatu, vyuma hivi havizimwi motoni vikawa vigumu mpaka ndani, kwa sababu kaboni yao ni kidogo mno. Anayetaka patasi, ngumi ya kutobolea au kisu anunue chuma cha kazi hiyo.

6. Kuhusu risasi

Risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa hakina madhara. Watoto ndio wanaodhurika zaidi. Chuma 12L14 kina risasi kati ya asilimia 0.15 na 0.35. Kukikereza kwa kisu chenye makali, kwa mafuta, hutoa maranda ambayo hayapeperuki, kwa hiyo hatari ni ndogo ukiwa msafi. Kukisaga kwa jiwe, kukipiga msasa kwenye mashine au kukichoma hutoa vumbi na moshi, na hapo hatari hukua.

Kwa kuwa mashine yako iko nyumbani, mahali wanapoishi watoto, tunashauri hivi: ukipata 1215 au EN1A isiyo na risasi, ichukue hiyo. Ukilazimika kutumia chenye risasi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto, usile wala kunywa karakanani, fagia maranda kwa kitambaa chenye unyevu, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kamwe usitengenezee chuma hicho kifaa kinachogusa chakula au maji ya kunywa.

7. Nondo, vipuri vya zamani na chuma chakavu

Wengi wetu huanza na kile kilichopo. Hakuna aibu katika hilo, lakini kila kipande kina historia yake.

Nondo ya ujenzi ni rahisi kuipata na ni mbaya kuikereza. Nondo nyingi za leo hupozwa ghafla kwa maji zikitoka kwenye roli, hivyo ngozi yake huwa ngumu na moyo wake laini. Mbavu zake humfanya kisu kugongagonga mpaka zitakapoisha. Aidha, nyingine hutokana na chuma chakavu kilichoyeyushwa pamoja, na ndani yake huweza kuwa na vipande vigumu usivyovitarajia. Iache nondo ibaki kwenye zege.

Fimbo za shokapu na za jeki za mafuta zina ngozi ya kromu ngumu, na chini yake mara nyingi pana tabaka lililogumishwa. Kisu cha kawaida huteleza juu yake. Springi za bapa za lori ni chuma cha springi. Bila kupashwa moto na kupozwa polepole, hakikatiki. Ekseli za magari ni chuma chenye nguvu, na nyingi zimegumishwa uso.

Bolti ni chanzo kizuri cha kazi ndogo kwa sababu daraja lake limeandikwa kichwani. Yenye alama 4.6 au 4.8 ni laini. Yenye 8.8 ina nguvu zaidi lakini bado hukubali kisu. Yenye 12.9 iache.

8. Vipimo vinne vya mnunuzi

Mnunuzi hana maabara, lakini ana macho, masikio na vifaa vidogo. Kwa ruhusa ya muuzaji, fanya vipimo hivi kabla ya kulipa.

Tupa. Pitisha tupa nzuri kwenye ukingo wa fito. Ikiuma na kutoa unga, kisu nacho kitauma. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimegumishwa, kirudishe.

Sumaku. Chuma cha kaboni hushikwa na sumaku kwa nguvu. Ikiwa sumaku inashika kwa unyonge au haishiki, huenda umepewa aina ya 304.

Cheche. Gusa kipande kwenye jiwe la mashine ya kunolea ukiwa umevaa miwani. Chuma laini hutoa michirizi mirefu, myeupe yenye umanjano, isiyo na vichaka vingi. Kadiri kaboni inavyoongezeka ndivyo cheche zinavyopasuka na kutawanyika kama vichaka vya miba. Chuma cha kusubu hutoa michirizi mifupi, myekundu. Fahamu kwamba cheche hazitakuonyesha wazi salfa wala risasi: haziwezi kuthibitisha kwamba fito ni 1215 au 12L14. Ikiwa muuzaji amekuambia kuna risasi, usiisage kabisa.

Jaribio la mashine. Hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote. Kabla ya kununua fito ya mita tatu au sita, nunua kipande cha sentimita 10 kutoka fito hiyohiyo. Kifunge kwenye taya za mashine, ukikate, ukitoboe, utazame maranda na uso. Gharama ya kipande hicho ni ndogo kuliko ya majuto.

Tazama pia rangi iliyopakwa kwenye ncha ya fito. Wauzaji wengi hutumia rangi kutenganisha aina, lakini rangi hazina maana moja kila mahali. Muulize muuzaji huyo maana ya rangi zake mwenyewe, na ukinunua kipande, mwombe asikate upande wenye rangi mpaka mwisho, la sivyo wa baadaye hatajua alichouziwa.

9. Uzito usikupunje

Chuma huuzwa kwa kilo, na kilo ndiyo inayopunjwa kwa urahisi. Kuna hesabu ndogo ambayo kila mnunuzi anaweza kuifanya kwa simu yake. Chukua kipenyo cha fito ya duara kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha gawa kwa 162. Jibu ni uzito wa mita moja kwa kilo.

Milimita 20: 400 ÷ 162 = kilo 2.47 kwa mita.
Milimita 25: 625 ÷ 162 = kilo 3.86 kwa mita.
Milimita 32: 1,024 ÷ 162 = kilo 6.32 kwa mita.
Milimita 50: 2,500 ÷ 162 = kilo 15.43 kwa mita.

Tuseme umenunua mita moja ya fito ya milimita 25, na mizani inasema kilo 4.5. Kabla ya kulalamika, pima kipenyo halisi. Ikiwa fito ni nyeusi na kipenyo chake ni milimita 25.5, uzito wa haki ni kilo 4.01, tofauti hiyo ni ya kawaida. Kilo 4.5 si ya kawaida. Ukiilipia wakati kipenyo ni 25 kamili, kila shilingi 1,000 ya haki imekuwa karibu shilingi 1,166. Uliza mizani ipimwe upya, na tazama kama ina stika au muhuri wa ukaguzi wa Wakala wa Vipimo.

10. Mfano: kazi tatu za mtu mmoja

Tuchukue mfano wa fundi aliyepokea kazi tatu kwa wiki moja. Ana fito moja ya 12L14 aliyoletewa na ndugu yake, na anaona ajabu jinsi inavyokatika. Kishawishi chake ni kuitumia kwa zote tatu.

Kazi ya kwanza ni vishikio sita vya droo za cherehani. Havibebi mzigo wala havichomelewi. Chuma chepesi kinafaa kabisa. Lakini kwa kuwa mikono ya watu itavigusa kila siku, 1215 ingekuwa bora zaidi. Asipoipata, chuma laini cha kung'aa kitamfaa. Akimaliza, avipake mafuta au rangi, kwani vyuma vyote hivi hushika kutu upesi.

Kazi ya pili ni bawaba za geti zito, zitakazochomelewa kwenye fremu. Hapa 12L14 ni marufuku. Bawaba itakaa vizuri siku ya kwanza, na pengine mwezi wa kwanza. Kisha siku moja mtoto atabembea kwenye geti. Fundi achukue chuma laini cha kawaida, 1018 au EN3, akubali kukereza kwa subira zaidi.

Kazi ya tatu ni shafti ya mashine ya kusaga nafaka. Inazunguka siku nzima, inavutwa na mkanda upande mmoja, na wenye ndoo za mahindi husimama karibu yake. Inahitaji EN8 au chuma kinacholingana nayo, chenye cheti, na vipimo vya pahali pa beringi viwe sahihi. Ikiwa mashine yake ndogo haiwezi kushika shafti ya urefu huo bila kutetemeka, aipeleke kwenye karakana kubwa, kwa mfano zile za SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo lililoanzishwa mwaka 1973.

Fito moja, kazi tatu, majibu matatu. Huo ndio ufupisho wa somo lote.

11. Unapofika kwenye mashine

Chuma kizuri huharibiwa na mwendo mbaya. Kwa kisu cha kawaida kisicho cha kabaidi, chuma laini hupenda uso wake upite kwenye kisu kwa mita 25 hadi 30 kwa dakika. Chuma chepesi huvumilia mita 50. Kupata mizunguko, zidisha mita hizo kwa 1,000, kisha gawa kwa kipenyo kilichozidishwa kwa 3.14. Kwa fito ya milimita 25, mita 30 ni karibu mizunguko 380 kwa dakika, na mita 50 ni karibu 640.

Vaa miwani. Usivae glavu, shali, kanga inayoning'inia wala mikono mirefu ya nguo. Usiguse maranda kwa mkono, hata yakiwa yamesimama, tumia ndoana. Ufunguo wa taya usiachwe kwenye taya hata kwa sekunde moja.

12. Haki yako na ushahidi wako

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali matano. Chuma hiki kinaitwaje kwa namba? Je, kuna cheti cha kiwanda kinachoonyesha mchanganyiko wake? Namba ya mkupuo iliyo kwenye cheti inafanana na iliyopigwa kwenye fito au lebo? Kina risasi? Nikikuta si chenyewe, utakipokea?

Kisha omba risiti, na jina la chuma liandikwe humo. Risiti inayosema “chuma” tu haitakusaidia. Inayosema “EN8, milimita 40, mita 1” ni shahidi asiyenunulika. Hifadhi kipande kidogo cha kila fito uliyonunua, ukiandike tarehe na duka.

Ukikuta umeuziwa kisicho chenyewe, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti na kipande. Wengi hurekebisha, kwani nao huenda walidanganywa. Akikataa, kwa Tanzania Bara malalamiko ya bidhaa zinazopotosha hupelekwa Tume ya Ushindani, ya mizani Wakala wa Vipimo, na ya ubora usiofikia kiwango Shirika la Viwango Tanzania.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini chuma chenye kaboni kidogo sana chaweza kutoa uso mbaya kuliko chenye kaboni zaidi?
2. Herufi L katika 12L14 inakuonya nini?
3. Mteja anataka pini ya kuchomelea kwenye fremu. Utakataa vyuma gani?
4. Mita mbili za fito ya milimita 20 zinapaswa kuwa na kilo ngapi?
5. Muuzaji anakuonyesha cheche nyeupe ndefu na kusema, “Unaona, hii ni 1215.” Utamjibu nini?

Atakayeyajibu yote bila kurudi nyuma anaweza kwenda dukani peke yake. Atakayekwama kwenye la tatu, tunamsihi asome tena sehemu ya 5 kabla ya kuwasha mashine.